Yaya Aurélie na Tablo za Cercle Tuonane

Baba Padri, wazee wa jamaa, majirani wa Keshero, na nyinyi wanachama wa Cercle Tuonane ninaowaona mumesimama pale nyuma karibu na fensi, viti viko, mukuje mukae, maana kusoma huku ni kurefu na sitaki mutu aseme kesho kwamba hakusikia vizuri.

Mimi ni Cirimwami, mudogo wake marehemu, niliyemufuata kwenye tumbo la mama, na jamaa imenichagua nisome maisha yake, si kwa sababu ya sauti nzuri, munajua ninasema kama mutu anayegombana hata nikiomba chumvi, lakini kwa sababu wakubwa wote wamekwisha na ni mimi ninayekumbuka tarehe. Na juu ya tarehe niseme mapema: juzi Jumamosi, papa Grégoire Kambere, prezida wa Cercle Tuonane, hiyo cercle ya wasanii ya hapa kwetu, alikuja kwenye kilio akaniomba nibadilishe tarehe moja ndani ya historia hii, ili yaya, huyu dada yangu mukubwa, ahesabiwe kwamba amekufa akiwa mwanachama. Nilimwambia jamaa itakaa kikao, na jamaa imekaa, jibu mutalisikia tukifika mahali pake.

Aurélie Cibalonza alizaliwa Walungu, tarehe 14 mwezi wa tano mwaka wa 1961, mutoto wa pili wa muzee wetu Mulumeoderhwa, aliyekuwa karani kwenye shamba ya chai, na mama yetu Pascasie, wote wawili wametangulia, na alibatizwa haraka haraka kwa sababu alizaliwa mudogo sana, waliogopa hatabaki. Alibaki. Mama alikuwa anasema huyu mutoto alikataa kufa kwa kichwa ngumu, na hicho kichwa ngumu mulikijua wote.

Alianza masomo ya msingi kwa masista pale Walungu mwezi wa tisa 1967, akamaliza 1973, kisha muzee akamupeleka Bukavu kusoma kukata na kushona, akapata diplome yake mwezi wa saba 1979, na kwa kushona walimu walimusifu sana, lakini kuchora hakujua hata kidogo, ninalisema maana bila hilo hamutaelewa mambo ya mbele. Sista alimwambia achore kuku, akachora, sista akauliza kama ni kiatu, na mpaka uzee wake sisi wadogo wake tulikuwa tunamuchekelea kwa hicho kiatu, naye anacheka kutushinda.

Alifika hapa Goma tarehe 2 mwezi wa pili 1981, kwa shangazi yetu, akashona kwenye atelie ya mama mumoja kule Birere mpaka mwaka wa 1990, alipofungua atelie yake mwenyewe hapa Keshero, mashine moja ya kukanyaga kwa muguu, na kwa mashine hiyo alishona nguo za komunyo, za ndoa na za kilio, nusu ya kartie hii ya Keshero imepita kwenye mikono yake, hata hizi nguo nyeusi tulizovaa leo, nyingi ni yeye alizishona, kwa ajili ya vilio vingine.

Aliolewa Jumamosi tarehe 18 mwezi wa munane 1984 na Modeste Mushagalusha, muchoraji, bwana mupole aliyekuwa anaandika majina kwenye milango ya maduka ili watu wakule nyumbani, na siku ya Mungu nyuma ya misa anachora tablo zake, ambazo zilikuwa kubwa sana kwa nyumba ndogo, mutu alikuwa anakula amekunja mabega. Mungu aliwapa watoto wane, wawili wakarudi kwake, wa kwanza siku ileile ya kuzaliwa, mwaka wa 1985, na wa tatu, Bénie, kwa kolera ya mwezi wa saba 1994, akiwa na miaka mitatu, na yaya hakulitaja tena jina hilo mbele ya watu, mimi leo ninalitaja maana mutoto ana haki ya kusomwa pamoja na mama yake. Amebaki Benny, aliye Kampala na ambaye njia imemushinda, na amebaki Charline, huyu munayemuona hapa, aliyemulinda mama yake mpaka saa ya mwisho.

Sasa Cercle. Cercle Tuonane ilianzishwa tarehe 8 mwezi wa tatu 2003, mwaka mumoja na kidogo baada ya volkano kuchoma katikati ya muji, na walioianzisha ni Modeste, papa Grégoire na rafiki zao, wachoraji, waigizaji na wapiga ngoma, wakasimamisha sale yao, ukumbi wa mbao juu ya mawe, hapa chini kwenye avenyu yetu, na wakaweka sharia kwamba kila mwanachama, hata awe na jina kubwa namna gani, atatoa kazi ya mikono bila kulipwa, Jumamosi ya salongo, ile ya usafi wa watu wote, na kila mara kuna onyesho. Yaya aliingia mwaka wa 2004, na kwa kuwa hakujua kuchora, wala kuimba, wala kusimama mbele ya watu, alifanya kazi ya mikono ya wote, alishona rido, pazia jekundu la jukwaa, na nguo za michezo, aliazima viti parokiani akavirudisha vimepanguswa, alipika chai ya maonyesho ya mwezi wa munane na ya teatro ya Noeli, alifagia kabla na alifagia baada, na wakati wasanii wanainama mbele ya makofi, yeye alikuwa nyuma anashika kamba ya rido. Nilimuuliza siku moja, yaya, wewe unapata nini pale, akaniambia, Cirimwami, pale ninakuwa na watu, na mimi, kwa ajili ya watoto wale wawili, nilielewa anasema nini.

Cercle ina desturi yake, ambayo wageni wetu hawaijui, nitaieleza kwa kifupi: mwanachama akikufa, jeneza linapita kwanza kwenye sale, linawekwa juu ya jukwaa, rido linafunguliwa mara moja tu, wenzake wanamupigia makofi kama mwisho wa muchezo, kisha wenyewe wanamubeba mpaka makaburini. Modeste alipokufa kwa ugonjwa wa sukari, tarehe 5 mwezi wa kumi 2013, alipigiwa makofi hivyo, na aliyevuta kamba ya rido ni muke wake, alikataa mutu mwingine aivute, na siku hiyohiyo alisema mbele yetu sote kwamba na yeye anataka kuzikwa vile.

Baada ya Modeste, mukutano wa Cercle ulimuchagua yaya kwa kuinua mikono awe mulinzi wa tablo ambazo hazijauzwa, kwa sababu sale ilikuwa inavuja na nyumba yake haikuvuja, na mulinzi mwingine kama yule hamutamupata. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, volkano ilipotutoa katika muji, sisi tulibeba magodoro na sufuria, yeye alitoa tablo zote kwenye mbao zake, akazikunja, akazifunga ndani ya vitenge, akazibeba mugongoni mpaka Sake kwa miguu, nyumbani akaacha hata chungu, na tulipofika nilimugombeza sana, yaya, tutapikia kwenye picha? Aliporudi Cercle ilimupigia makofi, na picha hazikuwa na hata alama moja.

Ninasema hivyo ili mujue kwamba mutu aliyefanya yale ya mwaka wa 2023 hakuwa mutu asiyejua bei ya tablo.

Munakumbuka wakimbizi waliojaa kwenye kambi za Kanyaruchinya kuanzia mwisho wa 2022. Jumamosi tarehe 25 mwezi wa tatu 2023, Cercle ilikwenda huko kwa kujitolea, wakapeleka teatro, ngoma na rangi za watoto, na ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuikana, lakini katikati ya muchezo mvua ilianguka, mvua ile ya huku kwetu isiyobisha hodi, wasanii wakakimbilia kwenye bisi, na watazamaji wakabaki palepale walipokuwa, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kukimbilia, bashi zao, yale maturubai ya vibanda, zilikuwa zimepasuka, wengine walikuwa wamejifunika chandarua na majani. Yaya alirudi nyumbani akiwa mukavu, na Charline anasema hiyo ndiyo ilimukasirisha, kuwa mukavu.

Wiki takatifu ya mwaka huo, kuanzia Jumatatu tarehe 3 mwezi wa ine, majirani walisikia mashine yake inakimbia asubuhi mpaka jioni, wakafikiri ni nguo za Pasaka, kumbe anashona tablo. Kitambaa kilichopakwa rangi ya mafuta hakipitishi maji, wachoraji wanajua, lakini ni mushonaji aliyelifikiria, akaziunganisha mbili mbili, rangi juu, mushono ameurudia mara mbili na kuupaka mushumaa, alianza na zile za bwana yake Modeste, zote, hakubakiza hata moja ya kutazama, kisha akaendelea na zile za wengine, na Jumatatu ya Pasaka akaita mutu wa chukudu, hiyo baisikeli ya mbao ya mizigo, akazipakia, akazipeleka Kanyaruchinya, akazifunga mwenyewe juu ya vibanda vya wamama wenye watoto wadogo. Hakuomba ruhusa kwa mutu yeyote.

Tablo hizo, wapendwa, ndizo Cercle ilikuwa imezitayarisha kwa onyesho kubwa la miaka makumi mbili, walikuwa wamealikwa Bukavu mwezi wa munane, na kwa wengine ilikuwa kazi ya miaka mingi, papa Grégoire alipoteza karibu kila kitu alichochora tangu ujana wake, kwa hiyo sisemi hapa kwamba walikasirika bure. Komite ilimwita Jumamosi tarehe 10 mwezi wa sita 2023, wakamuuliza kwa nini hakuomba, akasema ningeomba mungekataa, na mvua haikuwa inangoja komite. Wakamuuliza alifikiri tablo ni za nani, akasema, miaka yote munachora mama mwenye godoro kichwani, mutoto mwenye bido ya maji, hema kwenye matope, basi nimewapelekea wenyewe. Papa mumoja akamukumbusha kwamba tablo kubwa ya papa Grégoire ilikuwa ya soko ya Kituku, samaki na mitumbwi, haikuwa na mukimbizi hata mumoja, na yaya akakubali, akasema ile aliichukua kwa sababu ya upana.

Papa Grégoire, wewe mwenyewe ulisimama siku hiyo ukasimulia kwamba ulikwenda Kanyaruchinya kuidai tablo yako, ukaikuta juu ya kibanda cha mama mumoja anaitwa Niyibizi, aliyekuwa amezalia chini yake, mvua ikaanza, mama yule akakukaribisha ndani usilowe, ukakaa chini ya soko yako ya Kituku na mutoto mikononi, hata tone moja halikupita, ukarudi nyumbani bila kusema kilichokupeleka. Ulisimulia ukilia, watu wakalia na wewe. Kisha wakaomba mikono ya wanaotaka mama Aurélie afutwe katika Cercle, na wewe ukainua wako.

Alifutwa siku hiyo. Jumamosi iliyofuata alichukua ufagio wake, akaenda kufagia barabara mbele ya mulango wa Cercle, kwa sababu barabara ni ya watu wote na salongo ni ya watu wote, na alifanya hivyo kila Jumamosi, wanachama wanaingia na kutoka, wengine walimusalimia, wengine walipita kama hapana mutu, na mulango ulikuwa unafungwa nyuma yao. Mimi ilinikera, nilimwambia unajidharaulisha, mwanamuke wa umri wako, akanijibu kwamba komite ina hasira na hasira inaisha, watakaa siku moja watamurudisha, yeye anawangoja karibu ili wasipate taabu ya kumutafuta. Musizike mutu huyu mukifikiri hakuwa na uchungu, alikuwa nao, alikonda, alikuwa anasikiliza ngoma za onyesho la Noeli kutoka nje akiwa amekaa kwenye jiwe, na akirudi nyumbani hakuli.

Vita ilipoingia katika muji mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025, sale ilitobolewa na risasi, rido likapasuka, na mwezi wa pili kambi za Kanyaruchinya zikavunjwa, watu wakaondoka na vyao, kama tablo ziliondoka nao ao zilibaki kwenye matope hakuna anayejua. Tarehe 1 mwezi wa tatu yaya alikuwa tena mbele ya mulango, anafagia maganda ya risasi. Alimutuma Charline kwa papa Grégoire kuomba jambo moja tu, wamufungulie aingie kushona rido, hata muchana mumoja, kisha atatoka, na jibu lilikuwa komite itakaa. Mwezi wa sita Charline alirudi, akaambiwa wanachama wametawanyika, hesabu inayotakiwa na sharia haitimii, komite itakaa. Mwezi wa munane, komite itakaa.

Mwezi huohuo wa munane miguu yake ilianza kuvimba, akawa anapumua kwa shida hata akiwa amekaa, muganga akasema moyo umepanuka na umechoka, akapewa dawa, akapata nafuu kidogo, akarudi kwenye ufagio wake tukigombana kila Jumamosi, mpaka Jumatatu tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, tulipomulaza hospitalini. Kila asubuhi alimuuliza Charline kama komite imekaa, na Charline, ambaye hajui kudanganya, hilo alilirithi, alimujibu bado, mama. Alikufa Alhamisi tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2025, saa ine ya asubuhi, akiwa na miaka makumi sita na ine, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi.

Komite ilikaa Ijumaa tarehe 21. Hesabu ilitimia.

Sasa nitoe shukrani za jamaa. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomulinda yaya, waliofanya kazi yao katika nyakati hizi ambapo dawa zenyewe zinatafutwa kama dhahabu, na yule muuguzi aliyemusuka nywele siku ya mwisho, hatukujua jina lake, Mungu analijua. Tunawashukuru majirani wa avenyu yetu, mumeleta maji, makala ya kupikia, majani ya sombe na bashi ya kutufunika hapa, hamukutuacha peke yetu hata saa moja, na wamama wa parokia waliomuosha na kumuvalisha.

Na tunawashukuru wenzake wa kazi, ndio nyinyi wa Cercle Tuonane, hakuwa na wenzake wengine. Papa Grégoire, uliniambia Jumamosi kwamba komite imemurudisha kwa sauti moja, na nilikuona unalia, ninaamini machozi yako, lakini ukaniambia pia kwamba sharia zenu hazimurudishi mutu aliyekwisha kufa, kwa hiyo nisome kwamba mulimurudisha tarehe 15, alipokuwa bado ni muzima, na hapo mutaweza kumupitisha kwenye sale, kumufungulia rido, kumupigia makofi na kumubeba. Jamaa ilikaa juu ya neno hilo na haikuwa rahisi. Mimi nilikataa palepale kwenye kikao, munanijua. Charline ndiye aliyelitaka, aliniambia mama alingoja haya kwa miaka miwili mbele ya mulango, mujomba, utapungukiwa nini ukisoma tarehe moja kwa nyingine, nikamwambia wewe ni mutoto wake, nitasoma utakachosema.

Asubuhi ya leo, Charline alipotoka kumuaga mama yake, alikuja akaniambia nisome Ijumaa, tarehe 21. Alisema tarehe 15 alikuwa pale kando ya kitanda, mama yake aliuliza kama komite imekaa, naye akamujibu bado, na akikubali leo kwamba mulikaa siku hiyo, basi atakuwa alimudanganya mama yake.

Kwa hiyo ninasoma hivi, na iandikwe hivi: Aurélie Cibalonza aliingia Cercle Tuonane mwaka wa 2004, alifutwa tarehe 10 mwezi wa sita 2023, na alirudishwa tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2025, siku moja baada ya kufa kwake. Vijana wa avenyu ndio watakaomubeba. Nyinyi wanachama mutembee pamoja na sisi, nyuma ya jeneza, kama majirani, hatumufukuzi mutu.

Yaya Aurélie, komite imekaa. Lala, yaya, upumzike kwa Mungu.